Ibn Battuta Kilwa na Uchina: Mizani ya Ushahidi wa Mgeni

Nangurukuru ni njia panda. Barabara itokayo Dar es Salaam kwenda Lindi hupita hapo, na msafiri atakaye kufika Kilwa Masoko, na kutoka huko kuvuka maji mpaka Kilwa Kisiwani, huiacha barabara kuu na kugeukia upande wa bahari. Afikapo kisiwani huona magofu ya Msikiti Mkuu na ya jumba la Husuni Kubwa, na aghalabu haondoki kabla ya kulisikia jina la Ibn Battuta, mgeni kutoka Tanja katika nchi ya Moroko, aliyeshuka Kilwa mwaka 1331 na kuusifu mji huo kuwa ni miongoni mwa miji mizuri kupita yote. Sifa hiyo imerudiwa katika vitabu vya shule, katika tarehe za pwani na katika maelezo wapewayo wageni, hata imekuwa kama hati ya heshima ya Kilwa.

Walakini mtu huyo huyo alisema pia kwamba alikaa Uchina. Habari zake za huko ni nyingi kuliko habari zake za Kilwa, lakini hazikupokewa kwa imani iyo hiyo. Wako wataalamu waliokana kabisa kwamba alifika huko. Wako waliokubali kwamba alifika katika bandari za kusini, lakini si katika Khan Baliq, yaani Beijing ya leo. Basi pana jambo lisilolingana. Msomi wa mambo ya pwani humtegemea shahidi ambaye msomi wa mambo ya Uchina humtilia shaka, na ni nadra mmoja wao kuzisoma kurasa za mwenzake. Yafaa habari hizo mbili ziwekwe katika mizani moja. Ikiwa kosa na kunyamaza vyatosha kumtoa Ibn Battuta katika Uchina, vitamtoa Kilwa pia. Na ikiwa havitoshi kumtoa Kilwa, haviwezi kutosha huko. Mgeni hapimwi kwa kitabu kizima, wala kwa nchi nzima, bali kwa kila neno na kwa njia ambayo neno hilo lilimfikia.

Kwanza yapasa kukumbuka namna kitabu chenyewe kilivyofanyika. Ibn Battuta alizaliwa Tanja mwaka 1304, akaondoka kwao mwaka 1325 kwenda kuhiji, naye hakutulia kwao tena mpaka alipokuwa mtu mzima aliyekwisha kuona sehemu kubwa ya nchi za Kiislamu na nchi zilizopakana nazo. Safari zake alizisimulia kwa imla huko Fez, kwa amri ya Sultani Abu Inan, na masimulizi yakakamilika mwaka 1355. Aliyeyapanga na kuyapamba alikuwa Ibn Juzayy, mshairi na mwandishi wa baraza, mwana wa Granada. Ibn Juzayy hakuwa mtu wa kuandika tu asikiacho. Palipokuwa na mwandishi wa zamani aliyeieleza vizuri Makka au Dameski, yaani Ibn Jubayr, aliyachukua maneno ya huyo akayatia katika kitabu bila kumtaja kila mara. Kwa hiyo kila sentensi ya Rihla ina mikono miwili juu yake, mkono wa mtu aliyesafiri na mkono wa mtu aliyekaa na wino. Chapa iliyotegemewa na wasomi wengi ni ile ya Defrémery na Sanguinetti, iliyotoka Paris kati ya mwaka 1853 na 1858. Na tafsiri kamili ya Kiingereza iliyoanzwa na Gibb ilitoa habari za pwani yetu katika juzuu ya mwaka 1962, na habari za Uchina katika juzuu iliyomaliziwa na Beckingham mwaka 1994. Miaka 32 ilipita kati ya juzuu hizo mbili, na labda hiyo ni sababu mojawapo ya wasomi wa sehemu hizi mbili kutosomana.

Ama katika kuhesabu miaka ya kumbukumbu, jambo la ajabu hutokea. Toka kufika Kilwa mpaka kusimulia huko Fez ilipita miaka 24. Toka kuwako Uchina, katika miaka ya 1345 na 1346, mpaka kusimulia ilipita miaka tisa au kumi tu. Tena baina ya safari hizo mbili maharamia walimpora Ibn Battuta karibu na pwani ya Malabar, wakamwachia nguo asizoweza kujisitiri nazo vema. Naye mwenyewe asema kwamba katika vitu alivyopoteza mikononi mwa maharamia yalikuwamo maandishi aliyoyanakili huko Bukhara. Kama alikuwa na karatasi yoyote ya Kilwa, hiyo nayo yaelekea ilizama katika msiba huo. Kwa kipimo cha kumbukumbu peke yake, basi, Uchina ingestahili kuaminiwa kuliko Kilwa.

Habari za Kilwa ni fupi, nazo zajulikana. Mji ni mkubwa, uko pwani, na wakazi wake wengi ni Wazanji weusi sana wenye chale usoni. Mfanyabiashara mmoja alimwambia mgeni kwamba Sofala iko mwendo wa nusu mwezi kutoka Kilwa, na kwamba dhahabu huletwa Sofala kutoka Yufi, mwendo wa mwezi mmoja. Nyumba zote ni za mbao. Mvua ni nyingi. Watu ni wacha Mungu, nao wafuata madhehebu ya Shafii, na hufanya jihadi kwa kuwa nchi yao imepakana na nchi ya Wazanji wasioamini. Sultani wao ni Abu al-Muzaffar Hasan, aitwaye Abu al-Mawahib kwa wingi wa vipawa vyake, mtu mnyenyekevu aketiye na fakiri na kula pamoja nao, awaheshimuye masharifu wanaomjia toka Iraki na Hijazi. Kisha chaja kisa cha fakiri wa Yemeni aliyemwomba sultani nguo alizovaa siku ya Ijumaa, akapewa; na mwana wa sultani alipozikomboa nguo zile kwa watumwa kumi, sultani akaongeza watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Baada ya sultani huyo alitawala nduguye Daudi, ambaye mkono wake ulikuwa mzito.

Habari za Uchina ni za namna nyingine. Huko Ibn Battuta haanzi na mfalme, bali na vitu: hariri iliyo rahisi hata kwa maskini, kuku wakubwa, fedha za karatasi zenye mhuri, udongo uwakao kama makaa, vyombo vya kauri. Aeleza jinsi merikebu inavyokaguliwa na mabaharia wake kuandikwa majina, jinsi wageni wanavyoandikwa kila usiku katika nyumba za kulala ili wasipotee, na jinsi yeye na wenzake, baada ya kupita sokoni, walivyorudi wakaona sura zao zimechorwa kwenye karatasi ukutani. Asema kwamba hakuna nchi yenye salama kwa msafiri kuliko Uchina. Kisha, baada ya sifa zote hizo, akiri kwamba nchi hiyo haikumpendeza. Ukafiri ulioenea ulimhuzunisha moyo. Alipotoka nje aliona mambo mengi ya kuchukiza, akawa hukaa ndani asitoke ila kwa dharura, na alipokutana na Waislamu aliona kana kwamba amekutana na jamaa zake wa damu.

Hapa ndipo msomaji apatapo ufunguo wa habari zote za Uchina. Huyu ni mtu aliyeishi kati ya Wachina bila kuishi na Wachina. Katika mji wa Zaytun, ambao leo ni Quanzhou, waliompokea ni kadhi Taj al-Din wa Ardabil, Sheikh al-Islam Kamal al-Din wa Isfahan, mfanyabiashara Sharaf al-Din wa Tabriz, na Sheikh Burhan al-Din wa Kazarun, aliyekuwa na zawia ambako wafanyabiashara walilipa nadhiri zao. Katika mji autajao kwa jina la Khansa, ambao ni Hangzhou, alikaa katika mtaa wa Waislamu, kwenye nyumba ya watoto wa tajiri wa Misri. Hata waimbaji waliomwimbia mwana wa amiri juu ya maji walikuwa na nyimbo za Kichina, za Kiarabu na za Kiajemi, na ule aliouhifadhi mgeni ni wa Kiajemi. Wataalamu waliutambua kuwa ni shairi la Sa'di. Katika wale wote awatajao kwa majina, karibu kila mmoja ni Mwislamu, au ni mkubwa katika serikali ya Wamongoli waliotawala Uchina mpaka mwaka 1368. Mchina mwenyewe apita barabarani, auza, achora, apika, alinda mlango. Lakini hana jina wala hana maneno.

Wanaomkana Ibn Battuta katika Uchina wana hoja zisizo dhaifu. Ya kwanza ni habari ya mfalme mkuu. Rihla yasema kwamba Ibn Battuta alipofika Khan Baliq mfalme alikuwa vitani na jamaa yake, akauawa, akazikwa kwa fahari pamoja na vijakazi na mamluki wake. Jambo hilo haliwezi kuwa kweli, kwa kuwa Toghon Temür aliyetawala wakati huo aliendelea kutawala Khan Baliq mpaka mwaka 1368. Ya pili ni habari ya kauri. Asema kwamba haifanywi ila Zaytun na Sin Kalan, yaani Guangzhou. Na kila ajuaye habari za kauri anajua kwamba wakati huo tanuri zilizokuwa mashuhuri ni za Jingdezhen na za Longquan. Pia namna aelezavyo ufinyanzi wenyewe, kwamba udongo huchomwa siku tatu, ukamwagiwa maji, kisha ukachachuka kama unga, ni masimulizi ya mtu aliyesikia wala hakuona. Ya tatu ni mwendo wa safari: miji mingi na masafa marefu kwa siku chache mno. Ross Dunn, katika kitabu chake cha mwaka 1986, alionyesha jinsi sehemu hiyo ya safari ilivyo na mashaka, hasa habari za kaskazini.

Basi na tuseme hoja hizo ni sahihi. Lililobaki ni kuzipeleka Kilwa na kuona zitafanya nini huko.

Rihla yasema kwamba Kilwa yote imejengwa kwa mbao. Lakini Msikiti Mkuu wa Kilwa ulikuwa wa mawe kabla Ibn Battuta hajazaliwa, na sultani aliyempokea ndiye mjenzi wa upanuzi wake mkubwa na wa Husuni Kubwa, jumba la mawe lenye nyua, kumbi na birika la kuogea lenye pembe nane, lililokaa juu ya genge la bahari. Mgeni aliyekaa na sultani huyo hakutaja jiwe hata moja. Rihla yasema dhahabu ya Sofala hutoka Yufi. Lakini Yufi, kwa kadiri ijulikanavyo, ni nchi ya Nupe katika Afrika ya Magharibi, na dhahabu ya Sofala ilitoka katika nyanda za Zimbabwe. Mgeni alichanganya nchi mbili zilizo mbali kama mashariki na magharibi. Rihla haisemi neno moja juu ya kauri za Kichina huko Kilwa, ijapokuwa mtu huyo huyo asema, alipoeleza vyombo vya Zaytun, kwamba hupelekwa Bara Hindi na nchi nyingine mpaka vikafika kwao Magharibi. Nazo kauri zilikuwako Kilwa. Mortimer Wheeler alipozuru pwani ya Tanganyika mwaka 1955 alistaajabu kwa wingi wa vigae vya Kichina, hata akaona kwamba tarehe ya nchi hiyo tangu karne ya 10 imeandikwa kwa vigae hivyo. Neville Chittick, katika kitabu chake cha mwaka 1974 juu ya machimbo ya Kilwa, aliorodhesha vyombo vya rangi ya kijani vya Longquan, na chupa ya kauri nyeupe yenye ubuluu hafifu wa enzi ya Yuan iliyopatikana Husuni Kubwa kwenyewe.

Kwa hiyo, kwa mizani ya wale wanaomkana Uchina, Ibn Battuta hakufika Kilwa. Alikosa kuhusu mawe, alikosa kuhusu dhahabu, na alinyamaza kuhusu kitu kilichokuwa mbele ya macho yake. Wala hakuna msomi wa pwani aliyesema hivyo, na ni haki yao kutosema. Kwani lipo pia neno ambalo asingeweza kulitunga. Jina la sultani, Hasan, na lakabu yake, Abu al-Mawahib, vyapatikana mahali ambapo Ibn Juzayy asingeweza kufika. Sarafu za shaba za al-Hasan bin Sulaiman zimeokotwa kwa wingi, moja mpaka Zimbabwe Kuu. Na sarafu tatu za dhahabu zenye jina lake zilielezwa na Helen Brown mwaka 1991. Tarehe ya Kilwa nayo, katika nakala ya Kiarabu na katika masimulizi ya Kireno yaliyochapwa na João de Barros mwaka 1552, yamtaja mfalme huyo na nduguye Daudi. Shahidi akiungwa mkono na chuma na karatasi ambazo hakuziona, hukubaliwa katika neno hilo, hata kama alikosa katika mengine.

Na huo ndio ushahidi upatikanao Quanzhou pia, jambo ambalo wasomi wa pwani hawakulitumia. Msikiti wa kale wa mji huo, uitwao Qingjing kwa Kichina, una jiwe lenye maandishi ya Kichina yaliyotungwa na Wu Jian katikati ya karne ya 14 na kuchongwa upya mwaka 1507. Katika maandishi hayo limo jina la sheikh wa Waislamu wa mji huo, lililoandikwa kwa sauti za Kichina kadiri zilivyoweza kulibeba: Burhan al-Din. Ndiye yule yule wa Kazarun ambaye Ibn Battuta asema alimkuta Zaytun akipokea nadhiri za wafanyabiashara. Mchina aliyetunga maneno ya jiwe hakuisoma Rihla, iliyoandikwa Fez miaka michache baadaye. Na Ibn Juzayy hakulisoma jiwe. Tena jamii ile ya Waislamu wa Quanzhou ilivunjwa na fitina za mwaka 1357 mpaka 1366, hata msafiri wa baadaye asingeweza kuikuta kama ilivyokuwa. Burhan al-Din kwa Quanzhou ni kama Abu al-Mawahib kwa Kilwa.

Kutokana na hayo mizani yajitokeza yenyewe. Neno la Ibn Battuta lina nguvu pale alipokuwa amekaa mkekani na mtu wa dini yake, akazungumza naye kwa Kiarabu au kwa Kiajemi alichokuwa amekizoea, akala chakula chake na kupokea zawadi yake. Hapo hasahau jina wala nasaba. Neno lake hupungua nguvu pale alipoelezwa jambo la mbali na mfanyabiashara, kama dhahabu ya Yufi na udongo wa kauri. Tena hufifia kabisa pale ambapo kitabu kilihitaji mwisho mkubwa kuliko ule uliotolewa na safari yenyewe. Mjumbe wa Sultani Muhammad bin Tughluq wa Delhi alitumwa kwa mfalme wa Uchina, zawadi zikapotea baharini karibu na Kalikut, na masimulizi yasingeweza kukoma katika bandari bila ya kumfikisha mjumbe penye kiti cha mfalme. Sentensi ya Burhan al-Din na sentensi ya Abu al-Mawahib ni za daraja la kwanza. Sentensi ya tanuri na sentensi ya Yufi ni za daraja la pili. Maziko ya Khan Baliq ni ya daraja la tatu.

Yafaa kukitazama kisa kimoja kionyeshacho daraja la kwanza lilivyo. Katika mji autajao Qanjanfu, Ibn Battuta aliambiwa kwamba amefika mwanachuoni mkubwa, Qiwam al-Din. Alipoingia na wakasalimiana, mgeni alimtazama usoni mpaka akamtambua: alikuwa al-Bushri wa Sabta, mji ulio jirani na Tanja yake, waliyewahi kuonana Delhi. Wakalia wote wawili. Miaka michache baadaye, Ibn Battuta alipokuwa njiani kwenda nchi za Weusi wa Afrika ya Magharibi, alifikia Sijilmasa katika nyumba ya ndugu yake mtu huyo, akastaajabu jinsi ndugu wawili walivyotengana. Katika sura zote za Uchina hapana mahali panapogusa moyo kama hapo. Wala hapana mahali panapoonyesha wazi zaidi kwamba Uchina ya Ibn Battuta ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye milango Sabta, Delhi na Sijilmasa, na madirisha machache ya kuwatazamia Wachina.

Lakini mizani hii haimtetei tu Ibn Battuta. Yamshtaki pia, na mashtaka hayo yaigusa pwani yetu kuliko Uchina. Wengi waisomao habari ya Kilwa hudhani kwamba huko mgeni alikuwa nyumbani, na kwa hiyo aliuona mji. Kweli alikuwa nyumbani: dini moja, sheria ya Kiislamu ijapokuwa yeye ni Maliki na wenyeji ni Shafii, lugha ya Kiarabu ya masharifu na mafakihi. Lakini huko nako alikaa katika chumba kile kile. Alichokiona ni ukumbi wa sultani, masharifu wa Iraki na Hijazi, fakiri wa Yemeni. Mwenyeji wa Kilwa aonekana mara moja tu, kwa rangi yake na chale za uso wake, yaani kwa nje, kama Mchina aonekanavyo sokoni. Huko Mogadishu Ibn Battuta aliona yafaa kusema kwamba sultani ana lugha yake ya Kimakdishi, naye ajua Kiarabu pia. Huko Kilwa hakusema watu waliongea kwa lugha gani. Jina Sawahil alitumia kuwa jina la nchi; lugha ya nchi hiyo hakuigusa. Huo ni ukimya mzito kwa wasomi wa Kiswahili kuliko ukimya wa mawe, kwani mawe yamebaki kusema yenyewe, na maneno ya Kilwa ya mwaka 1331 hayakubaki.

Tena iko bara. Ibn Battuta aliiona Kilwa kutoka baharini. Msafiri wa leo aikabili kutoka Nangurukuru, kwa mgongo wake. Nchi hiyo ya bara, ambayo kwa mgeni ilikuwa nyuma ya mji, katika Rihla haina jina ila la kuwa nchi ya Wazanji wasioamini, na haina kazi ila ya kuvamiwa na kutoa ngawira, ambayo khumsi yake hutengwa kwa ajili ya masharifu. Watumwa 20 aliopewa fakiri wa Yemeni yaelekea walitoka huko au mahali kama huko. Wamesifiwa walioupa mkono wa sultani jina la ukarimu. Waliokuwa ndani ya mkono huo hawakuulizwa. Vivyo hivyo al-Bushri wa Sabta alikuwa na watumwa weupe wapatao 50 na vijakazi idadi iyo hiyo, akampa mwenzake wawili wa kila namna, na sentensi ikaendelea kama kwamba zimetajwa nguo. Msomaji aliyeshtushwa na hayo katika mji wa Uchina atarudi Kilwa na kukisoma upya kisa cha nguo za Ijumaa, ambacho katika vitabu vya shule hufundishwa kuwa ni kisa cha unyenyekevu. Ni kisa cha unyenyekevu kweli. Lakini gharama yake ililipwa na watu 20.

Lipo jambo jingine la kulinganisha. Katika mwaka 1349 Wang Dayuan, msafiri wa Kichina aliyezunguka bahari za kusini kwa merikebu, alimaliza kitabu chake cha habari za visiwa na watu wa nje, nacho kikaandikiwa dibaji na Wu Jian yule yule aliyetunga maandishi ya msikiti wa Quanzhou. Kitabuni mna nchi moja ambayo wataalamu wengi huisoma kuwa ni pwani ya Zanji, yenye pembe za ndovu, ambari na dhahabu. Basi ndani ya miaka michache mtu aliyeiona Kilwa aliisimulia Quanzhou kwa Kiarabu, na msafiri wa Kichina aliisimulia pwani ya Kilwa kwa Kichina, nao hawakujuana. Wang Dayuan naye aorodhesha bidhaa na desturi kwa macho ya nje. Kwake watu wa pwani hawana majina, kama vile Wachina wasivyokuwa nayo kwa Ibn Battuta. Udhaifu huu, basi, si wa Mwarabu wala wa Mchina. Ni udhaifu wa kila mgeni asiyejua lugha ya wenyeji wake, na dawa yake si kumfukuza mgeni bali ni kumwekea shahidi wa pili kando yake.

Kiswahili chenyewe ni shahidi wa namna hiyo, kikisikilizwa. Neno sinia, ambalo kila nyumba ya pwani hulitumia bila kufikiri, limetoka katika Kiarabu, na asili yake huko ni chombo cha Kichina. Ibn Battuta hakuziona kauri za Kilwa, au hakuona sababu ya kuzitaja. Lakini lugha ya watu aliowapita bila kuisikiliza imelihifadhi jina la Uchina jikoni. Quanzhou iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2021, na magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara mwaka 1981. Ushahidi wa kila upande unaweza sasa kupimwa na wasomi wa upande wa pili, na hakuna udhuru tena wa kusoma nusu ya kitabu.

Kwa hiyo ye yote atakayezitia habari hizi katika Kiswahili ana wajibu wa namna tatu. Auache mji wa mbao uwe wa mbao, asiugeuze kuwa wa mawe ili kumstahi mgeni au kuustahi mji. Wachimbuzi wa mambo ya kale watasema neno lao mahali pao, na nyumba nyingi za watu wa kawaida, za miti na udongo, zitapata haki yao katika kosa hilo. Asikate kisa cha fakiri mahali pazuri, bali akifikishe mpaka kwenye watumwa. Tena asiitafsiri sura ya Kilwa peke yake. Ikitoka pamoja na sura za Uchina, katika jalada moja, msomaji wa pwani atamwona mtu yule aliyefunga mlango wake Uchina asione yaliyomchukiza, naye atajiuliza ni mlango upi uliofungwa Kilwa bila mgeni mwenyewe kusema kwamba ameufunga.